Bafta ya Fundi

Mwaka wa 1979 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alitoka kwenda kununua mafuta ya taa, akarudi baada ya miaka sita na mke wa pili. Mafuta hakuja nayo. Mimi siku ya tatu tu nilikwisha kutolewa darasa la tatu nikapewa mwiko, na mwiko huo sijauweka chini mpaka leo.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinitarajie maneno ya chuo. Najua kazi mbili. Ya kwanza ni kupikia watu wengi. Ya pili ni kuosha maiti za wanawake, niliyofundishwa na bibi mmoja wa kwetu Msambweni kabla sijaja Saudia. Watu wa kwetu walioko Jeddah wanalijua hilo. Akifa mtu, simu yangu ndiyo ya kwanza kulia. Akiolewa mtu, ndiyo ya pili. Kazi iliyonileta ni ya ndani ya nyumba, hapa mtaa wa Ruwais, na naifanya bado. Madam wangu amezeeka, nami nimezeeka naye, na Ijumaa ananiachia jiko niwapikie wenzangu.

Ninayetaka kumweleza simtaji jina. Wote tulimwita Fundi. Alizaliwa wapi na kwa nani halinihusu, na hata ningejua nisingesema.

Nilimjua kwa ajili ya abaya. Alikuwa na chumba cha juu kule mtaa wa Mahjar, kwenye nyumba ya ngazi mbovu, akishonea duka moja la Balad, mji wa kale. Barabarani alivaa kanzu nyeupe na kofia, kama ikama yake, kibali cha kukaa huku, ilivyoandikwa: mwanamume, fundi cherehani. Mimi nilipeleka abaya yangu ipunguzwe mikono. Nikagonga, nikausukuma mlango kabla ya kujibiwa, maana ndivyo nilivyo. Nikamkuta amevaa dera la zambarau, kichwa amesuka twende kilioni, na pini sita mdomoni. Tukatazamana.

"Mkono umezidi urefu," nikasema.

Akazitoa pini mojamoja. "Wa nani?"

"Wa abaya."

"Lete."

Hayo ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya juu ya jambo lile kwa miaka minane. Kuna watu wanahitaji vikao.

Fundi alikuwa mkarimu wa kitambaa na bahili wa chai. Msichana wa kazi aliyetoroka kwa bosi wake na nguo moja mwilini angeshonewa mbili bila kuulizwa neno. Lakini majani ya chai aliyachemsha mara tatu. Ya kwanza alikunywa yeye, ya pili alipewa mgeni, na ya tatu ilikuwa maji yenye kumbukumbu. Nikimwambia, hujibu, "Mama Pilau, wewe chai yako ina sukari kama ya msiba." Ndivyo alivyoniita. Pilau sikuwa nikipika sana, nilikuwa napika biriani, lakini hakukubali kurekebishwa.

Aliwaogopa mijusi. Mwenye duka hakumwogopa. Siku moja yule mzee wa Balad alimrudishia mzigo mzima wa abaya akidai pindo zimepinda. Fundi akabeba mzigo, akashuka nao Balad kwa miguu, akapiga magoti dukani mbele ya wateja na kuipima kanzu ya mwenye duka mwenyewe. "Yako ndiyo imepinda, upande wa kushoto," akamwambia. "Na hii si mimi niliyeishona." Mzee akaitazama kanzu yake, akatazama wateja, akacheka. "Halas," akasema, "weka mzigo." Nilikuwapo. Nilikuwa nimekwenda kununua iliki.

Barabarani hakutembea bila futi ya kupimia shingoni. Akiona gari la askari, huitoa futi juu ya kanzu ionekane vizuri. "Fundi hasimamishwi," alisema. "Mtu mwenye futi ana pahali anakokwenda." Hakuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyekwisha kuhesabu ngazi zote na kujua ipi inalia. Adhabu ya kukamatwa sitaieleza; aliyeishi huku anaijua, na asiyeishi hana haja nayo.

Alikuwa na misemo. "Kitambaa kina nje na ndani, na vyote ni kitambaa." Alipenda kunena hivyo akigeuza nguo. Mimi maneno ya namna hiyo hayanishibishi, nikamwambia. Akasema sikuumbwa kwa ajili ya hekima, niliumbwa kwa ajili ya vitunguu.

Sala hakuacha hata moja. Alisali pembeni mwa chumba, kajifunga ushungi. Majirani waliouliza mbona Ijumaa haonekani msikitini aliwaambia ana ugonjwa wa mgongo. "Mungu anajua kipimo changu," aliniambia mara moja, "yeye ndiye aliyekata." Hilo nalo sikulijibu. Nilikuwa na chakula motoni.

Sasa nije kwenye tamasha.

Sinema ziliporuhusiwa tena nchini humu, wakubwa wakaanza kufanya matamasha ya filamu, zulia chini na mataa juu. Fundi alishona bitana ya gauni la mgeni mmoja wa huko, akarudi amenuna. "Nasi tutakuwa na letu," akasema. "La filamu za watu kama mimi." Likawa Ijumaa tatu mfululizo kila mwaka, baada ya Alasiri, chumbani mwake, watu watano, wakizidi sana sita. Filamu zilikuja kwenye kidude cha ukubwa wa ukucha, alichokileta nesi mmoja wa Nairobi aliyefanya kazi hospitali ya hapa. Nesi alikuwa na neno la Kiingereza la kuwaita watu kama Fundi, na neno jingine la watu kama yeye mwenyewe. Mimi nilisema Fundi, na Nesi.

Mimi sikualikwa. Niliagizwa biriani. Lakini nina sharti langu tangu nianze kupikia watu: sufuria zangu siziachi kwa mtu. Kwa hiyo niliketi kuzingoja, na kwa njia hiyo nikahudhuria tamasha la filamu, miaka mitatu kule Mahjar na mara moja Riyadh.

Madirisha yalizibwa kwa kitambaa cha abaya. Ukutani Fundi alitundika kitambaa cheupe, kipya, kwa pini. Nikakigusa.

"Hii bafta ya sanda," nikasema.

"Ni nyeupe, na haina mshono katikati."

"Ni ya sanda. Mimi naijua."

"Mama Pilau, kaa chini."

Halafu kulikuwa na sauti. Jirani wa chini alikuwa na masikio. Fundi akaamua mtu mmoja akanyage cherehani filamu nzima, ili jirani asikie kazi badala ya sinema. Kwa kuwa mimi sikuwa mgeni wa heshima, nikawekwa pale. Nimekanyaga filamu tisa, sina uzi, nashona hewa. Miguu yangu inajua sinema kuliko macho.

Kwa makelele yale hakuna aliyesikia maneno ya filamu, ila yaliandikwa chini kwa Kiingereza. Mimi kusoma kwangu ni kwa mwendo wa kobe, na dereva mmoja wa Tanga aliyekuwa akija hakujua Kiingereza kabisa. Basi Fundi akawa anatusomea kwa Kiswahili, kasimama nyuma ya bega langu.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyelelewa kama mvulana. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu sana. Akavuliwa nguo na watu wabaya. Akaimba. Akaenda mtoni. Tukaona viatu ukingoni.

"Amekwenda kuoga," akasema Fundi.

"Na viatu?"

"Mtu huoga na viatu?"

Ya pili, mwanamke mwingine namna ileile. Kioo, tena kirefu. Akapendwa na mwanamume, mwanamume akajua, mwanamume akachukua bunduki. Baada ya hapo tukaonyeshwa sanduku refu linabebwa na watu wanne.

"Anahama," akasema Fundi. "Anahamia kwa shangazi yake."

Nikaacha kukanyaga. "Fundi, mimi nimeingia vyumba vya maiti kuliko wewe ulivyotia uzi kwenye sindano. Lile ni jeneza."

"Ni sanduku la cherehani."

"Aki Fundi, sivyo imeandikwa," Nesi akasema. "Huyo ameded."

"Wewe soma yako. Mimi nawasomea wasiosoma. Mama Pilau, kanyaga, jirani atasikia!"

Nikakanyaga. Lakini baada ya filamu, tukila, nikasema lililokuwa rohoni. "Mnatundika sanda ukutani, mnatazama filamu juu ya sanda, halafu mnashangaa kila mtu anakufa."

Dereva akapaliwa na mchele. Nesi akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi peke yake hakucheka. Akasema, "Si bafta, Mama. Ni waliotunga."

Hapo nikauliza kwa kutaka kujua kweli. Hawa watu wa filamu, hakuna anayefika uzeeni? Hakuna anayepika? Sijamwona hata mmoja anameza chakula. Wanajitazama kwenye kioo tu, na mimi chumba cha Fundi nakijua, kioo chake kina vumbi, kimeegemea ukuta na kuning'inizwa mifuko. Fundi akasema wanaofika uzeeni hawatengenezewi filamu, hawana msisimko. Nesi akaongeza kwamba mara nyingi hao wanaoigiza si wenyewe, ni wanaume wameazimwa gauni. Fundi akaruka. "Nilijua! Yule wa kwanza alikaa kama kaazimwa. Na lile gauni, mmeona pindo? Pindo la mtu asiyempenda anayemvalisha." Akazungumza pindo nusu saa. Mjadala mwingine wa tamasha sikuusikia.

Mwaka wa tatu ndipo tulipoona ile filamu.

Ilianza vizuri. Alikuwa mwanamke mtu mzima, kinyozi, anacheka, ana wateja. Nikasema afadhali. Halafu akaugua, akafa kitandani, kawaida, kama watu. Hilo nalo si kitu. Ila ndugu zake waliokuwa hawamjulii hali wakaja. Wakamnyoa nywele. Wakamfuta rangi za kucha moja baada ya moja. Wakamvalisha suti na tai, wakamzika hivyo, na rafiki zake wamesimama nje ya geti la makaburi.

Maandishi yalikuwa yakipita chini. Nikangoja Fundi aseme. Nilingoja aseme wamemtayarishia safari, au anakwenda harusini. Hakusema kitu. Hata dereva hakuuliza. Kila mtu alielewa bila kusomewa. Nikajikuta sikanyagi, na hakuna aliyenikumbusha jirani.

Baadaye nilikuwa jikoni kwake nakomba ukoko. Akaja, akafunga mlango.

"Mama, wewe unaosha."

"Naosha."

"Wanawake."

"Wanawake huoshwa na wanawake. Unajua."

"Mimi utaniosha?"

Asiyejua desturi yetu nimweleze kwa ufupi. Maiti ya kike huoshwa na wanawake, ya kiume na wanaume. Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu. Ya mwanamke ni vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na mbili za kuzungushia. Fundi alikuwa akiniuliza ataingilia mlango upi na atavikwa vingapi. Katika maisha yake yote huku hakuwahi kuniomba kitu ila kukanyaga cherehani.

Nikamwambia, "Yalla, toa sahani hizi, zinapoa."

Zilikuwa sahani tupu. Akazitoa.

Najisifu kwa mengi, na nimeyapata kwa jasho langu. Hilo sijisifu. Niliogopa serikali, nikaogopa Mungu, na nikaogopa watu wa Msambweni, nadhani si kwa utaratibu huo.

Mwaka ule ule Fundi akahamia Riyadh, kafili wake, yule mwajiri mwenye kibali chake, alipomwachia kwenda karakana ya magauni ya harusi. Tukawa tunazungumza kwa simu, yeye analalamika vumbi, mimi nalalamika unyevu. Lile swali hakulirudia. Mtu mwingine angelirudia ukapata nafasi ya kumkasirikia.

Kisha akafa msichana wa kwetu, aliyekuwa kafanya kazi Mahjar. Nikaenda na wenzangu kumwosha. Pale mapokezi ya nyumba ya kuoshea maiti kulikuwa na bwana mmoja mpole sana. Hakumtazama marehemu, alitazama ikama yake, akanyoosha kidole: mlango ule. Nimepita mlango ule miaka mingi na sikuwahi kuuona mwingine. Siku hiyo nikauona. Uko upande wa pili, wa bati la kijani. Nikamwosha yule msichana vizuri, nikamtia kafuri, nikamfunika ushungi wake, na mikono yangu muda wote ilikuwa inamjua mtu mwingine.

Mwaka jana Nesi, aliyehamia Riyadh naye, akanipigia. "Mama, Fundi anafanya tamasha la mwisho. Na mgongo wake si mzuri. Kuja, please." Ule ugonjwa wa mgongo aliowadanganyia majirani, sasa anao kweli.

Nikapanda basi kutoka Jeddah na sufuria mapajani. Wenzangu wa safari walilala. Mimi nilikuwa nafikiri.

Fundi nilimkuta mnene, mweupe wa kukosa jua, miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Chumba kidogo kuliko cha Mahjar. Bafta ileile ukutani, imeingia umanjano pembeni, na matundu ya pini kwenye kona zote nne.

"Umechelewa," akasema.

"Basi limechelewa. Chai iko wapi?"

Akanipa chai. Ilikuwa ya kwanza. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Tulikuwa watatu tu, Fundi, Nesi na mimi. Cherehani haikuhitajika, chini kulikuwa ghala, ila nilikaa palepale kwa mazoea. Filamu ilikuwa ya bibi kizee mmoja, naye wa namna hiyohiyo. Paa lake linavuja. Anatafuta fundi wa paa, fundi haji. Anagombana na jirani kwa sababu ya paka. Anapika supu. Anakula supu, yote, kijiko kwa kijiko, tukitazama. Fundi wa paa anakuja, anaziba, anaondoka. Mvua inanyesha, na yule bibi anatazama dari. Halas, mwisho.

Kioo hakikuwamo. Fundi alitusomea kila neno, na Nesi hakubisha hata mara moja.

"Na baadaye?" nikauliza. "Hafi?"

"Sijaongeza neno leo," akasema Fundi. "Hafi. Ila pindo la lile koti lake ni aibu."

Nimeona filamu tisa kule Mahjar nikizikanyagia. Hii ndiyo peke yake ningeitazama tena, na ningetoa nauli.

Kisha Fundi akasimama akijishika kiuno, akaitoa bafta ukutani, akaitandika sakafuni, akachukua mkasi. Nesi akasema, "Fundi, unafanya nini?" Fundi alikata bila kuchora mstari, kama alivyokata siku zote. Akakunja kipande kimoja, cha pili, cha tatu. Nesi hakuelewa. Mimi nilikuwa nahesabu. Cha nne. Cha tano. Akaviweka juu ya mapaja yangu, juu ya sufuria.

Nikafungua kile cha ushungi, kisha cha kanzu, nikakiinua mbele yake.

"Umekata fupi."

Nyusi zikapanda. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. "Nimepima!"

"Umejipima ulivyokuwa Mahjar. Umenenepa, bibi wewe."

Sikuwahi kumwita bibi. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, kama iliyokuwa na kosa ni miwani.

"Nisikilize," nikamwambia, "maana sitasema mara mbili. Huku siwezi. Huku ikama ndiyo inayoonyesha mlango, na mlango wake mimi siingii. Ukitaka nikuoshe, maliza mkataba wako, uje kwangu Msambweni, ufie kwangu. Huko mlango ni wangu, nimeujenga mwenyewe."

"Na watu wa kwenu?"

"Watu wa kwetu nimewaosha mama zao. Atakayetaka kuniuliza aje aniulize mimi."

"Na Mungu?"

"Huyo nitamjibu mwenyewe nikifika. Wewe jibu yako."

Nesi alikuwa analia na kula biriani kwa pamoja, jambo ambalo si zuri kwa tumbo. Fundi akasema mkataba wake unakwisha baada ya Ramadhani hii ijayo. Akasema hajui kama ataweza kuteremka uwanja wa ndege wa kule, hajui atakutana na nani. Nikamwambia atakutana na mimi, nitakuwa nimetangulia, na asipoonekana nitarudi na biriani yangu nyumbani.

"Na usife haraka," nikamwambia mlangoni. "Nina kazi nyingi."

"Mama Pilau," akasema, "kanzu ile, ongeza kwenye shuka ya kuzungushia. Kuna ziada. Mshono uwe wa ndani."

Sasa niseme nilichonacho, maana nilitolewa shule sina hata daftari na ni haki yangu kusema. Nina nyumba ya mawe Msambweni, vyumba vinne, paa halivuji. Vitatu vimepangishwa. Cha nne kina kitanda, cherehani ya miguu na dirisha la upande wa kisima, na sikipangishi. Nina sufuria kubwa tisa. Nina minazi kumi na miwili na mbuzi ambao sijawaona. Nina pasipoti. Nina kioo kimoja, nimeambiwa kina vumbi.

Na ndani ya begi langu, chini ya kitanda hapa Ruwais, nina bafta nyeupe vipande vitano yenye matundu ya pini. Kanzu nimeiongeza, mshono wa ndani. Hiyo si yangu, ni amana, na sina haraka nayo.